Mwalimu, hili joto ni la Mungu ama la wazungu?

Mwezi huu barua zimenizidi. Toka niliposema hapa kwamba mvua ya Septemba siku hizi huwezi kuipangia, simu imejaa meseji, zingine za kushukuru, zingine za kunitukana, na moja imeandikwa kwa Kiswahili cha kambi ya jeshi mpaka nikajikuta nimesimama wima kuisoma. Nimechagua chache na nimezifupisha maana kuna watu mnaandika kama mnatoa ushahidi kortini. Majina sijaweka. Twende.

*

*Mwalimu habari ya siku. Mimi ni mkulima wa kahawa huku mlima Elgon, upande wa Bulambuli. Babu yangu alikuwa anajua mvua kwa wiki, mimi siijui hata kwa mwezi. Novemba 2024 mlima ulitushukia tukazika watu. Sasa pasta anasema ni siku za mwisho, mwenyekiti wa LC anasema ni tabianchi, na kijana wangu aliyesoma anasema dunia imekuwa ikibadilika toka zamani kabla mtu hajawa hata na baiskeli. Nani anasema kweli? Na mnajuaje ni sisi binadamu?*

Kwanza poleni sana, mimi niko Mbale hapa chini na siku ile tulikuwa tunaangalia mlima tu bila kujua la kufanya.

Pasta nitamwacha na Biblia yake, hiyo si wizara yangu. Kijana wako ana ukweli nusu. Dunia imebadilika mara nyingi sana, miaka kama elfu 20 iliyopita ilikuwa na baridi kuliko sasa kwa digrii kama 5 hivi, na barafu ya Rwenzori ilikuwa imeshuka mabondeni chini sana kuliko leo. Lakini hebu mwulize hivi, watu walikuwa wanakufa kabla panga halijatengenezwa, sasa polisi wakikuta maiti na panga pembeni waseme aah hiyo ni kawaida, watu wamekuwa wakifa toka zamani? Kilichobadilisha dunia enzi zile kinajulikana, ni jinsi inavyoyumba kidogo kidogo kwenye njia yake ya kuzunguka jua, na huo ni mwendo wa kinyonga, maelfu kwa maelfu ya miaka. Kutoka kwenye ile baridi kubwa mpaka hali tuliyoizoea ilichukua karibu miaka elfu 10. Sisi tumeongeza zaidi ya digrii 1 kwa miaka kama 150, na sehemu kubwa ya hiyo imekuja toka miaka ya 1970, yaani mimi na wewe tukiwepo.

Joto linakamatwaje? Kama umewahi kulala Kabale unajua, usiku wa mawingu ni afadhali, ule wa nyota nyingi unatafuta blanketi la pili. Mawingu yanazuia joto la ardhi lisitoroke lote kwenda juu. Hewa ukaa, ile gesi inayotoka tukichoma mafuta na makaa, inafanya kazi inayofanana na hiyo, tofauti ni kwamba wingu asubuhi linaondoka na hewa ukaa haiondoki upesi, sehemu yake nzuri tu inakaa huko mamia ya miaka. Na hii si habari ya juzi ya watu wa semina. Mama mmoja Mmarekani, Eunice Foote, aliweka gesi kwenye vyombo vya kioo akavianika juani, akaandika mwaka 1856 kwamba kile chenye hewa ukaa kinapata moto kuliko vingine. Msweden Svante Arrhenius akaja kupiga hesabu zote kwa mkono mwaka 1896, reli ya Mombasa haijafika hata Kisumu.

Kabla ya viwanda, ukichukua chembe milioni moja za hewa, kama 280 tu zilikuwa hewa ukaa. Charles Keeling alipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 zilikuwa kama 315. Leo zimepita 420.

Sasa tunajuaje ni zetu, kwa nini zisiwe zimetoka baharini ama porini huko. Zina alama. Kaboni ya mti, ya ng'ombe, ya pumzi yako wewe, ina kaboni-14 kidogo ndani yake, aina ya kaboni inayopungua yenyewe taratibu kadiri miaka inavyopita. Ile ya petroli na makaa ya mawe imezikwa ardhini mamilioni ya miaka mpaka kaboni-14 yote imeisha. Wanaopima hewa wanaona kabisa hii ya zamani, ya kaburini, ndo imeingia na kuizimua ile nyingine. Mwizi wa kuku anaweza kukataa mpaka kesho lakini kama manyoya yamemganda shatini basi.

Na jua je? Jua linapimwa kwa setilaiti toka 1978 na halina mpango wa kupanda, linaongezeka kidogo na kupungua kidogo kwa mzunguko wake wa miaka kama 11, basi. Alafu kuna kitu kimoja napenda kuwaambia wabishi kwenye teksi ya Kampala, kama jua ndo lingekuwa limezidi moto basi hewa ya chini na ile ya juu kabisa zote zingechemka pamoja. Lakini hii ya chini inapata joto wakati ile ya juu, kilometa 20 na zaidi, inapoa. Huyo ni blanketi huyo. Ndani moto, nje baridi.

Turudi kwenye mlima wako, maana ndo swali lenyewe. Hewa yenye joto inabeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila digrii 1, kwa hiyo mvua kubwa ikija inakuja na mzigo zaidi mgongoni. Hiyo ni ya tabianchi. Lakini mlima hauporomoki kwa mvua peke yake. Nametsi kule Bududa, Machi 2010, tulizika watu wengi mno na wataalamu walikuja wakasema mambo ambayo wazee wa huko walikuwa wanayajua: mteremko mkali, udongo wa mfinyanzi unaokunywa maji mpaka unalegea, miti imekatwa, watu wamekata ngazi mlimani kupata kiwanja cha nyumba, na ardhi hakuna ya kuhamia. Mwenyekiti wako akisema "ni tabianchi" hajadanganya, ila angalia amesema hivyo kwa nini. Tabianchi haina ofisi, huwezi kwenda kuibishia hodi kuuliza ile ahadi ya kuhamishwa watu imefika wapi.

*

*Mwalimu, volkano moja inatoa moshi kuliko magari yote ya dunia. Ndiyo ama hapana? Msomaji wa Kisoro.*

Hapana. Najua ninyi wa Kisoro usiku mnaiona Nyiragongo ikiwaka upande wa Congo na inatisha, lakini ukijumlisha volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, hewa ukaa yake kwa mwaka haifiki hata moja ya mia ya ile ya binadamu. Sisi kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi tunatoa zaidi ya tani bilioni 36 kila mwaka.

*

*Mimi naendesha boda Kasese. Watalii wananiambia theluji ya Rwenzori inaisha. Mafuriko ya Nyamwamba yametuharibia mpaka hospitali ya Kilembe 2020. Je ni ile barafu inayoyeyuka ndo inatuletea maji? Na ikiisha sisi Wakonzo tutaitaje mlima wetu?*

Barafu kweli inaisha. Mwanamfalme mmoja wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda mwaka 1906 na mpiga picha wake Vittorio Sella, na kutokana na zile picha na ramani zao watu wamehesabu kwamba barafu wakati huo ilikuwa zaidi ya kilometa za mraba 6. Kufika 2003 ilikuwa chini ya kilometa moja, na haijaacha kupungua. Kuna ubishi wa kisomi hapo ambao ni mzuri kuujua: wengine walisema kinachoila barafu ni ukavu, mawingu yamepungua toka mwisho wa karne ya 19 na jua linapiga sana, wengine wakasema hapana ni joto lenyewe. Walibishana kwenye majarida mwaka 2006 kwa adabu zao. Nautaja makusudi kwa sababu kuna watu wakiona wanasayansi wanabishana wanadhani kila kitu ni uongo. Wanabishana juu ya njia ambayo mwizi amepitia, si kama nyumba imeibiwa.

Lakini mafuriko yako hayatoki kwenye barafu. Barafu iliyobaki ni kidogo sana, hata ikayeyuka yote haiwezi kusukuma yale mawe makubwa kama lori. Ni mvua nzito juu ya mlima mkali. Mafuriko ya Mei 2013 waliyachunguza wakataja pia moto uliounguza mlima mwaka 2012, ile mimea inayonyonya maji kule juu iliungua, mvua ikakuta mlima hauna nguo. Ukisikia mtu wa shirika anakuonyesha picha ya barafu alafu anakuonyesha nyumba zilizobebwa na Nyamwamba kana kwamba moja imeleta nyingine, mwambie Mwalimu amekataa.

Jina la mlima sijui nikwambie nini, hilo waulize wazee. Niliambiwa na mwanafunzi wangu mmoja wa huko kwamba Kitasamba mwenyewe, mungu wa mlima wa Wakonzo, anakaa kwenye theluji. Sijawahi kupata la kumjibu.

*

*Wewe mwalimu unatudanganya na pesa za wafadhili. Trump alisema hii kitu ni uongo wa Wachina. Rais mzima wa Marekani na wewe wa Mbale nani anajua zaidi?*

Pesa za wafadhili ungejua mshahara wangu ulivyokuwa ungeniomba msamaha.

Ni kweli aliandika hivyo mwaka 2012, kwamba Wachina wameibuni ili viwanda vya Marekani vishindwe. Lakini we kijana usianzie hadithi katikati. Juni 1988 mwanasayansi wa NASA, James Hansen, alikaa mbele ya maseneta akawaambia joto limeshaanza na ni la binadamu. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaunda lile jopo la wanasayansi, IPCC. Bush mzee, Republican kabisa, chama kimoja na Trump, alipokuwa anaomba kura mwaka huo aliahidi kupambana nayo na 1992 akasaini mkataba wa tabianchi wa Rio. Na aliyesimama Umoja wa Mataifa Novemba 1989 kuwaonya viongozi alikuwa nani? Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza. Yule hakuwa mjamaa, nadhani tunakubaliana. Ila alisomea kemia, kwa hiyo alijua gesi ni nini.

Basi ikageukaje kuwa ya vyama? Kwa sababu dawa yake inagusa mfuko. Ukisema moshi wa sigara unaua, mwenye kiwanda cha sigara hawezi kulala. Ukisema petroli inapasha dunia joto, mwenye kisima naye halali. Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, walikuwa na wanasayansi wao wenyewe waliopiga hesabu miaka ya 1970 na 1980 za jinsi dunia itakavyopata joto, na watafiti waliozirudia wakachapisha 2023 walikuta nyingi ya zile hesabu zilikuwa sawa, zililenga. Kumbe ndani wanajua, na huku nje miaka mingi wanaambia watu bado haijulikani vizuri, tusubiri. Hawakuhitaji kushinda ubishi, walihitaji ubishi usiishe tu.

Na hata kabla ya Trump, mwaka 1997 kabla ya mkutano wa Kyoto, Seneti ya Marekani ilipiga kura 95 kwa 0 kwamba haitaki mkataba utakaoibana Marekani ukiacha China na India. 95 kwa 0! Vyama vyote viwili. Azimio lenyewe halikusema kwamba joto ni uongo, lilisema hatulipi peke yetu. Hayo ni maswali mawili tofauti na mimi nimeona wanasiasa wakishindwa kubishana kwenye la pili wanarudi kulikana la kwanza, ni rahisi zaidi. Toka mkataba wa Paris wa 2015, Marekani imeingia, ikatoka, Biden akairudisha 2021, Trump Januari 2025 akasaini kuitoa tena, kama mtoto wa bweni anayeruka ukuta. Kipimajoto hakikuhama chama hata mara moja. Kingekuwa Uganda hapa kisingejua nani NRM nani NUP.

*

*Mwalimu mimi ni wa Hoima. Nitaongea wazi. Wazungu wamechoma makaa na mafuta miaka 200 wakajenga barabara, hospitali, kila kitu. Sisi tumeyapata 2006 mpaka leo tunahangaika, alafu bunge lao linapiga kura kutukataza bomba la mafuta. Huu si ukoloni? Usinizungushe, niambie uko upande gani.*

Sikuzungushi, ila barua yako ina mizigo miwili umeifunga kwa kamba moja na mimi naifungua kwanza.

Mzigo wa haki, hapo uko sawa na sitakupunguzia hata nukta. Ukijumlisha hewa ukaa yote iliyotolewa toka viwanda vianze, karibu robo ni ya Marekani peke yake. Afrika nzima, na Afrika Kusini na Misri ndani, ni kama asilimia 3 tu. Mmarekani mmoja kwa mwaka anatoa kama tani 14 za hewa ukaa ya mafuta na makaa ya mawe, Mganda hata robo tani hafiki. Bunge la Ulaya lilipiga ile kura Septemba 2022, mwaka uleule ambao Urusi imevamia Ukraine na Ulaya ikakosa gesi, Ujerumani ikawasha tena mitambo ya makaa ya mawe na kansela wao akaenda Senegal kuongea habari za gesi. Rais Museveni mwenyewe aliandika mwaka huo akiwachamba Wajerumani kwa kubomoa mitambo ya upepo ili mgodi wa makaa upanuke. Unaweza usimpende mzee lakini hapo aliwapata, mimi nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Mzigo wa pili ni fizikia, na fizikia haina historia ya ukoloni. Bomba likijaa linapitisha mapipa 216,000 kwa siku. Kila pipa likichomwa linatoa kama kilo 430 za hewa ukaa. Zidisha kwa siku 365, chukua kalamu usiniamini, unapata karibu tani milioni 34 kwa mwaka. Hiyo ni mara kadhaa ya mafuta yote tunayochoma Uganda nzima kwa sasa. Najua utasema yatachomwa huko yatakakouzwa na yataandikwa kwenye daftari la huyo mnunuzi, na ni kweli ndivyo wanavyohesabu. Lakini hewa ni moja. Haki ya kuchoma hata ukiwa nayo kamili haipunguzi joto la kilichochomwa, na joto lenyewe halirudi Strasbourg kuwaadhibu waliopiga kura, linakuja Karamoja kwa mtu wa mbuzi kumi ambaye hajui bomba ni nini.

Sasa ukoloni. Bomba lote ni kilometa 1,443 kutoka hapo kwenu mpaka Chongoleani, Tanga, na linapashwa moto njia nzima maana mafuta yetu yana nta, yakipoa yanaganda kama samli. Lina wenyewe. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62. Uganda 15, Tanzania 15, CNOOC ya China 8. Kwa hiyo kuna mzungu anayekukataza na kuna mzungu anayechukua fungu kubwa, na wewe umekasirikia mmoja tu. Kwa nini? Nadhani kwa sababu kila anayeuliza maswali juu ya hili bomba anaambiwa katumwa na wazungu. Wale wanafunzi waliokamatwa Kampala Oktoba 2022 kwa kuandamana dhidi ya bomba, wengi waliandikwa hivyo mtandaoni, vibaraka. Mwenye shamba aliyekaa miaka anangoja fidia huku haruhusiwi kupanda kahawa mpya naye kibaraka?

Uliniuliza upande. Mimi naona mafuta yatatoka, hilo waliamua Februari 2022 waliposaini kuweka pesa. Niko upande wa kuonyeshwa risiti. Mikataba iwekwe mezani tuisome, tujue hela ya kwanza inalipa nini. Na tujue pia tunauza bidhaa ambayo wateja wenyewe wanasema wanataka kuiacha, China inaunda magari ya umeme kama chapati, hata boda za umeme Kampala umeziona. Kama wenzetu watachelewa kuacha, tutauza na dunia itachemka, wakiwahi kuacha, bei itaanguka tukiwa bado na deni la bomba. Hiyo ndo hesabu ningependa wabunge wetu waibishanie badala ya ukoloni, maana ukoloni ni mtamu kuuongelea na haumalizi dakika za kikao.

*

*Mimi nauza samaki Masese, Jinja. 2020 ziwa lilitufukuza, vibanda vyote vikaingia majini. Wengine walisema ni climate, wengine serikali ilifunga bwawa makusudi. Tulibishana mpaka leo.*

Mei 2020 kipimo cha Ziwa Victoria pale Jinja kilisoma mita 13.42, kikapita ile rekodi ya 1964 ya 13.41 kwa sentimeta moja, wazee waliokuwa wanasimulia mafuriko ya uhuru wakanyang'anywa hadithi yao. Mwezi mmoja kabla, kisiwa cha matete kilielea mpaka kikaziba mitambo ya bwawa la Nalubaale na nchi nzima ikaingia gizani, unakumbuka.

Ziwa hili lina tabia yake. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito ni kidogo. Na mwisho wa 2019 Bahari ya Hindi ilikuwa imeinama kama bembea, upande wetu wa Afrika maji yamechemka, upande wa Indonesia yamepoa, na ikiinama hivyo mvua yote inatupwa huku. 1961 ilikuwa vilevile. Kwa hiyo bembea ni ya asili. Ila waliopiga hesabu na kuchapisha 2024 walikuta joto la binadamu limefanya ziwa kupanda kwa namna ile kuwa na uwezekano karibu mara mbili kuliko zamani, na kwamba bila hilo joto maji yangekuwa chini kidogo, sentimeta chache tu. Sentimeta chache kwa mtu wa Entebbe Road si kitu, kwa mtu wa Masese ni kitanda kuloa ama kutoloa.

Na wa bwawa nao sitawaacha mikono mitupu. Kuna wakati bwawa kweli lilihusika, lakini ni upande wa pili wa hadithi. Mwaka 2006 ziwa lilishuka mpaka chini ambako halijafika toka miaka ya 1920, na wahaidrolojia walipochunguza walikuta karibu nusu ni ukame, nusu nyingine ni mitambo ya Jinja kuachia maji kupita kiasi kilichokubaliwa. Kwa hiyo likishuka, uliza waliofungua. Likipanda vile la 2020, angalia juu mawinguni na angalia pia nani kajenga kwenye ufuko, maana mita 200 kutoka ziwani sheria ilisema kusiwe na kitu na kuna mahoteli yaliyolowa pamoja na vibanda vyenu. Hao sikusikia wakiitwa wavamizi.

*

*Nina kibanda cha chakula Kampala, sigiri tatu. Gunia la makaa limepanda bei toka rais akataze makaa ya kaskazini. Wakubwa wanaendesha V8, mimi na sigiri yangu ndo naharibu dunia?*

Mama, hapana. Sigiri yako haijayeyusha chochote.

Ile oda ya Mei 2023 ilikataza makaa ya biashara kutoka kaskazini, na huko wenyeji ndo walikuwa wanalia kwanza, miti ya shea ambayo bibi zao walikamua mafuta inageuka makaa inapanda lori kuja kwako. Msitu wa nchi hii ulikuwa karibu asilimia 24 ya ardhi mwaka 1990 na kufika 2015 ulikuwa kama 9. Mti ukikatwa na mwingine ukaota palepale, hewa ukaa inarudi mtini. Usipoota, hairudi, na pia kivuli na mvua ya jirani vinaondoka. Lakini ukimkataza mtu makaa na umeme ni ghali na gesi nayo ni ghali, basi umemkataza kupika. Na sisi tuna mabwawa ya umeme wa maji, Karuma peke yake ni megawati 600. Hasira yako ipeleke huko kwenye bei ya umeme.

Wakati unasubiri wakubwa: loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, na kama unaweza hamia sigiri ya udongo ndani. Makaa utaokoa, jirani yangu ndivyo anavyofanya. Na toa sigiri nje, huo moshi unakuua wewe kabla haujafika kwa mzungu.

*

*Mwalimu, niko S3 Tororo. Nataka kupima mvua mwenyewe lakini shule yetu haina kifaa.*

Hii ndo barua ya mwezi. Chukua chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, ya lita mbili ni nzuri, kata shingo, igeuze kichwa chini uiweke juu kama mrija wa kumiminia. Chini ya chupa kuna mabonde, kwa hiyo tia kokoto alafu maji mpaka pale chupa inapoanza kunyooka, chora mstari, hapo ni 0. Bandika rula kuanzia hapo, milimita 1 ya maji ni milimita 1 ya mvua, ndivyo hata watu wa hali ya hewa wanavyosema. Iweke mahali wazi, mbali na bati na migomba, uifunge kwenye kijiti isianguke na mbuzi asiinywe. Soma kila siku saa tatu asubuhi, siyo ukikumbuka, mwaga ile ya juu ya mstari, andika kwenye daftari. Na siku isiponyesha andika 0, usiache wazi, kwa sababu ukiacha wazi baada ya miaka 10 hakuna atakayejua kama siku hiyo lilikuwa jua ama wewe ulilala.